Shamba la Babu ni Akiba ya Nani?

Makamanda, kila nikifungua simu siku hizi nakutana na tangazo lile lile. Kijana kavaa suti, nyuma yake pori limefyekwa, anasema ardhi haiozi, nunua ekari 10 leo wanao watakushukuru. Ekari laki tatu, unalipa kidogo kidogo, usafiri wa kwenda kuona eneo bure na chakula cha mchana juu yao. Wenzetu wengi humu wameshanunua. Wengine ni viongozi wetu wa matawi, nawajua. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp imeshakuwa kama imani: mwenye ekari zake mkoani ameokoka, asiye nazo anachezea maisha.

Sina ugomvi na mtu kununua shamba. Ugomvi wangu ni na uongo unaouzwa pamoja na shamba, kwamba ukilipa hela na kupewa karatasi basi ardhi ya familia iko salama kizazi hadi kizazi. Katika nchi hii usalama wa shamba la kijijini unategemea nani anakaa kwenye kikao cha kijiji, na sheria imempa Waziri na Rais mamlaka gani juu ya kikao hicho. Hiyo ni siasa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sasa sisi vijana wa upinzani tukilijadili hili kama suala la akiba binafsi tu, kama vile tunazungumzia vikoba, tumeshawaachia uwanja.

Tuanze na mwenye mali. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zimesimama juu ya msingi mmoja: ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mimi na wewe tuna haki ya kuikalia na kuitumia, basi. Wengi wanadhani msingi huu ulitoka Azimio la Arusha. Hapana. Waliouandika ni Waingereza, kwenye sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, waliposema ardhi ya Tanganyika ni ya umma na iko chini ya Gavana. Uhuru ulipokuja Gavana akapanda meli, kiti chake kikabaki palepale, akakaa mwingine. Mwalimu alikuwa na sababu zake. Mwaka 1958, kwenye andiko lake la Mali ya Taifa, alionya kwamba maskini akiruhusiwa kuuza ardhi kama anavyouza mbuzi, matajiri wataimaliza yote na wenyeji watabaki wapangaji kwao. Kuhusu matajiri alikuwa sahihi kabisa. Ila swali la nani atulinde na mwenye kalamu ya serikali, lile halikujibiwa wakati ule na halijajibiwa leo.

Wauza ekari hawakuelezi jambo la pili. Ardhi yetu imegawanywa makundi matatu: ardhi ya vijiji, ya hifadhi na ya jumla. Hesabu inayotumika miaka yote ni kwamba ya vijiji ni kama asilimia 70, hifadhi 28, na ya jumla 2 tu. Kwa hiyo shamba unaloonyeshwa kwenye tangazo, karibu kila mara liko kwenye ardhi ya kijiji, au lilikuwepo mpaka juzi. Na kijijini mwenye kugawa ardhi si mwenyekiti, si mtendaji, wala si dalali mwenye pikipiki. Halmashauri ya kijiji inaisimamia kama mdhamini, na haiwezi kumgawia mtu mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Ukinunua kwa mwanakijiji mwenyewe, bado halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe mauzo. Mahakama ya Rufani ilishalisema hili tangu mwaka 1985, kesi ya Methuselah Paul Nyagwaswa dhidi ya Christopher Mbote Nyirabu: mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Batili maana yake hayapo, kama vile hamkuwahi kukutana. Kile kikaratasi chako chenye mhuri wa mwenyekiti na mashahidi wawili mliowakuta kilabuni, siku ya kesi kinabaki kuwa ushahidi wa hela yako ilivyopotea.

Na lile neno lao la "kanunue uliache tu, bei itapanda". Kifungu cha 45 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema ardhi ya kimila ikikaa bila kukaliwa wala kutumika kwa muda usiopungua miaka 5, inaweza kuhesabiwa imetelekezwa. Kupumzisha udongo kunakubalika kama matumizi, na kuna taratibu za notisi kabla ya kuchukuliwa. Lakini mtu aliyeko Kimara, aliyefika shambani mara moja tu na basi la dalali, hiyo notisi ataionea wapi? Inabandikwa kijijini.

Hapo nawageukia wenzangu moja kwa moja. Kijana wa Dar anayenunua ekari 50 kijijini, anaweka nguzo nne na kuacha pori, anafanya kitu kile kile tunachowalaumu vigogo kukifanya kwa ekari 5,000. Ukubwa tu ndio umetofautiana. Mkulima wa pale anakosa pa kulima, mfugaji anakosa pa kupitisha ng'ombe, halafu jioni mwenye nguzo anaandika mtandaoni kuhusu uporaji wa ardhi. Tuache hayo mambo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wengi wenu mnahangaika kununua akiba ya familia wakati akiba ya familia mnayo. Ni shamba la babu. Na kisheria lina nguvu kuliko mnavyofikiri. Kifungu cha 18 kinasema haki miliki ya kimila ni sawa kwa hadhi na nguvu na haki miliki inayotolewa na Kamishna wa Ardhi. Zile hati za mjini zina kikomo, 33, 66, mwisho 99. Ya kimila inaweza isiwe na kikomo kabisa, na inarithishwa. Hati au hakuna hati, haki ipo. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali, kwenye rufaa Na. 31 ya mwaka 1994 ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanaye, ilisema haki za kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na mtu hanyang'anywi bila fidia ya haki. Kumbuka mazingira ya kesi ile. Baba na mwana walipoteza shamba lao wakati wa Operesheni Vijiji, wakaenda mahakamani kulidai, wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za watu kama wao, bila fidia, na kuwafungia milango ya mahakama. Bunge zima dhidi ya wakulima wawili. Wakashinda tena kwenye jambo kubwa. Kesi hii ingekuwa inafundishwa kwenye madarasa ya itikadi ya chama chetu badala ya kukariri nyimbo tu.

Lakini msinywe chai mkafurahi. Sheria hiyo hiyo ya Vijiji, kifungu cha 4, inampa Rais mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla au ya hifadhi kwa maslahi ya umma. Na maslahi ya umma, wameandika wenyewe, ni pamoja na uwekezaji wenye maslahi ya taifa. Nani anapima maslahi hayo? Yule yule anayehamisha. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una neno la mwisho, unakubali au unakataa. Likifika hekta 250, kama ekari 618, mwenye neno ni Waziri. Kijiji kinabaki kutoa maoni. Yaani jambo dogo mnaamua wenyewe, jambo kubwa la kuwamaliza kabisa mnaandika barua. Nilipolisoma mara ya kwanza, mwaka wa pili chuoni, nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea kusoma.

Kuna mtego mwingine wenye maneno machache. Sheria ya Vijiji inapotafsiri ardhi ya jumla inasema ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Sheria ya Ardhi Na. 4 inaongeza: ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria mbili za mwaka mmoja, Bunge moja, zinatofautiana juu ya neno lenyewe linaloamua. Malisho ya Mmasai wakati wa masika yanaonekana hayatumiki. Msitu wa kuokotea kuni unaonekana hautumiki. Shamba la babu ambalo wajukuu wote tumeondoka, na bibi amebaki na nguvu za kulima nusu tu, nalo je? Mtu akija na ramani kutoka wilayani akaliita pori, tutajibu nini na hatuna hata mchoro?

Msiseme natisha watu. Juni 2022 kule Loliondo kilomita za mraba 1,500, zaidi ya ekari 370,000, ziliwekewa alama za mipaka kuwa eneo la wanyamapori, watu wakilia kwamba ni malisho ya vijiji vyao. Agosti 2024 wakafika mbali zaidi. Likatoka tangazo la serikali la kufuta kata, vijiji na vitongoji vya Ngorongoro. Hawakugusa shamba la mtu mmoja, walifuta kijiji kama mamlaka. Fikiria maana yake kisheria: pasipo kijiji hakuna mkutano mkuu, hakuna halmashauri, hakuna wa kukataa chochote hata kile cha chini ya hekta 250. Wananchi walimwagika barabarani na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo lile. Safi. Ila kalamu iliyoliandika bado iko mezani, na wino haujaisha.

Nyumbani kwetu ni Muleba. Babu aliacha kibanja, migomba na mibuni, na makaburi mawili katikati. Amefariki tangu 2011 na mirathi haijafunguliwa mpaka leo. Watoto saba, kila mmoja ana maelezo yake. Baba mdogo anataka kuuza upande wa barabarani, anasema apate mtaji. Anayekilima ni shangazi, alirudi baada ya ndoa yake kuvunjika, na ndizi tunazotumiwa Dar kwa basi ni jasho lake. Kwenye vikao vya ukoo anaambiwa wewe kula ndizi, lakini kuhusu kuuza au kutouza nyamaza. Mwaka juzi alienda ofisi moja kuulizia hati ya kimila, akaulizwa mume wako yuko wapi, kisha akaombwa hela ya mafuta ya kuleta wapimaji. Hakuwa nayo. Akarudi kulima.

Hiyo siyo tabia mbaya ya wajomba tu, ina mizizi kwenye karatasi. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, ambalo halijafutwa, linawaweka mabinti daraja la tatu la urithi, na ardhi ya ukoo wanaruhusiwa kuitumia maisha yao, wasiiuze. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, alipokea kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na mpwa wake akataka mauzo yafutwe kwa sababu yeye ni mwanamke. Jaji akasema mila hiyo inavunja Katiba, mwanamke ana haki ile ile ya mwanaume. Na Sheria ya Vijiji, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Lakini wajane wawili walipokwenda mahakamani kutaka kanuni zile za 1963 ziondolewe, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri ni za kibaguzi halafu ikakataa kuzifuta. Wakafika mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ikawapa haki mwaka 2015. Huku kwetu kanuni zipo.

Kwa hiyo nikisikia kamanda wa kiume anasema "akiba ya familia" nauliza, familia ya nani? Kama dada yako na mama yako hawamo kwenye hati, hiyo ni akiba yako na wanaume wenzako. Sheria inaruhusu hati ya kimila iandikwe majina zaidi ya moja. Muulize baba yako leo ni majina ya nani yataandikwa.

Najua jibu la baadhi yenu, hasa wale wa uchumi: dawa ni umiliki kamili, serikali itoke, kila mtu auze anavyotaka. Siko huko. Baba mdogo akipewa uhuru huo, kibanja kinauzwa wiki ijayo kwa bei ya bodaboda na shangazi anaenda kupanga chumba Bukoba. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoundwa 1991 chini ya Profesa Shivji, ilizunguka nchi nzima ikasikiliza watu, na haikupendekeza soko huria. Ilipendekeza mamlaka ya juu juu ya ardhi yatolewe mikononi mwa serikali, na ardhi ya kijiji iwe mali ya mkutano mkuu wa kijiji wenyewe. Serikali ikachukua vipande ilivyovipenda, hicho cha msingi ikakiacha, tukapata sheria za 1999. Wakenya, pamoja na matatizo yao mengi ya ardhi, Katiba yao ya 2010 imeandika kwamba ardhi yote ni ya watu wa Kenya kwa pamoja. Wameanza na watu. Sisi tumeanza na Rais.

Ndiyo maana nakereka jukwaani tunapoitaja Katiba Mpya kama habari ya tume ya uchaguzi peke yake. Mama wa Kilosa hajui tume, anajua shamba. Mwambie Katiba Mpya ni kifungu kinachosema hakuna hekta hata moja ya kijiji itakayohama bila mkutano wenu kupiga kura ya ndiyo, uone kama hatasimama kukusikiliza. Na mwambie pia kilichotokea 27 Novemba 2024. Siku ile wagombea wetu wengi walikuwa wameshaenguliwa kwa herufi na mihuri, na chama tawala kikatangaziwa ushindi wa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Wengi tulilalamika tumeporwa viti. Viti? Waliochukuliwa nafasi wanaohitajika ni wale wa kusema "hapana" mwekezaji anapokuja na mtendaji ameshapewa soda. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anamwogopa mkuu wa wilaya, hawaogopi nyie.

Uchaguzi mwingine wa vijiji uko mbali, lakini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3, na haujui kadi ya chama. Mkazi yeyote mwenye miaka 18 anaingia na anapiga kura. Wewe unayeishi Mbagala huna kura kule, mama yako anayo, shangazi yako anayo, binamu yako anayeshinda kwenye pool anayo. Wapigieni. Waulize kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji? Kina mpango wa matumizi ya ardhi? Rejista ya ardhi ya kijiji, ambayo sheria inataka iwepo, iko wapi, na shamba letu limeandikwa kwa jina la nani? Nyie wenye mirathi iliyolala fungueni, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwetu Muleba hesabu hiyo imeshatupita, tunategemea tu kwamba shangazi hajawahi kutoka shambani.

Mimi nakwenda likizo hii. Nimemwandikia shangazi maombi ya hati, majina manne, la kwake likiwa la kwanza, na nakala ya kifungu cha 20 nimeibana kwa nyuma. Mwenye kuhitaji barua kama hiyo kwa kijiji chake aandike hapa chini jina la wilaya tu, nitamtumia mfano wake bure. Mpelekeeni mtendaji kwa mkono, achape mhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Akisema njoo kesho, mwombeni hiyo kesho aiandike na tarehe.